Zamani Tulikwenda Kuuliza

MASWALI YA WASOMAJI

Swali

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako kutoka Sahare, Tanga. Baba yangu ni mvuvi tangu kabla sijazaliwa, na mimi, baada ya kumaliza chuo na kukaa muda mrefu bila kazi, nimerudi baharini. Mwaka jana nilijinyima nikanunua boti ya mashine pamoja na kifaa kidogo cha kuonyesha samaki, kile kinachopeleka sauti chini ya maji na kuleta picha kwenye kioo, na katika simu nimeweka programu ya ramani inayokumbuka kila mwamba niliowahi kupata samaki. Kipato kimeongezeka, wala silikatai hilo. Lakini baba hapandi boti yangu. Anaendelea na ngalawa yake, anatoka na upepo wa umande alfajiri, anarudi na upepo wa mchana, akipata anashukuru na akikosa anashukuru. Nilipomuuliza sababu alikitazama kile kioo kwa muda mrefu, kisha akasema: "Sisi tulikuwa tunakwenda kuiuliza bahari. Nyinyi mnakwenda kuchukua." Hakuongeza neno.

Nimejaribu kujiambia kuwa ni uzee unaosema, lakini maneno yale hayaniachi. Tanga inabadilika: bandari imeongezwa kina, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, na vijana wenzangu dunia yote wanaiona kupitia simu. Je, Mwalimu, teknolojia ya kisasa ni chombo tu, ambacho kikiwa na mtu mwema huwa chema, au imebadilisha namna tunavyoishi na ardhi na bahari? Na je, baba yangu ana haki, au ananionea?

Msomaji, Sahare, Tanga

Jibu

Marahaba, mwanangu, na salamu zangu zimfikie mzee. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu ndani yake mna swali la falsafa na mna swali la mtoto na baba yake, na jibu la haraka lingemdhulumu mmoja wenu.

Nianze na jibu ambalo mimi mwenyewe nililitoa darasani kwa miaka mingi, kwamba teknolojia ni kama kisu: hukata kitunguu, na pia huweza kumjeruhi mtu, na hukumu iko kwa aliyekishika. Jibu hilo si la uongo, ila limeacha nusu ya mambo, kwa kuwa chombo kikishakaa mkononi kwa muda huhamia machoni. Kioo chako kinakuletea samaki, na papo hapo kinakuletea bahari ya namna fulani, bahari iliyopunguzwa ikabaki kina na vialama vinavyong'aa. Na ukiitazama bahari hiyo kwa miaka kumi mfululizo, ile nyingine ya rangi ya maji, ya ndege wanaozunguka na ya harufu ya mwamba maji yanapotoka, itaanza kuonekana kama pazia linalofunika kitu unachokitaka.

Katika karne iliyopita, mtu aliyelishika jambo hili kwa nguvu kuliko wengi ni mwanafalsafa wa Kijerumani Martin Heidegger, katika mhadhara alioutoa Munich mwaka 1953. Ni wajibu wangu kusema kwamba mtu huyu alijiunga na chama cha Hitler mwaka 1933, na doa hilo halifutwi na uhodari wa fikra zake. Tunachota kwake tukijua kisima kina nini. Hoja yake ni kwamba kiini cha teknolojia ya kisasa hakimo katika mashine, kimo katika namna ya kuvitazama vitu, ambapo kila kilichopo hutakiwa kijitokeze kama akiba iliyopangwa tayari, ikisubiri kuagizwa. Alitoa mfano wa mto Rhine. Daraja la mbao la zamani liliunganisha ng'ambo na ng'ambo, nao mto ukabaki mto. Lakini ulipokuja mtambo wa umeme, mto ndio ulioingizwa ndani ya mtambo, kwa sababu tangu hapo unahesabiwa kuwa ni kitu cha kutoa msukumo wa maji. Alitaja pia kinu cha upepo cha zamani, ambacho mabawa yake hugeuka upepo ukivuma na husimama ukitulia, kwa kuwa hakiufungi upepo wala hakiuweki ghalani. Niliposoma hapo kwa mara ya kwanza sikukiona kinu, kwa maana sisi vinu hivyo hatunavyo. Niliona tanga la ngalawa kama ya baba yako.

Twende basi kwenye mto wetu. Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro, Meru, Pare na Usambara, na kabla ya kufika baharini umekwisha kupita bwawa la Nyumba ya Mungu, mtambo wa Hale wenye megawati 21 tangu mwaka 1964, na mtambo wa Maporomoko ya Pangani wenye megawati 68. Sitaki msomaji yeyote aondoke hapa akidhani nasema umeme ni uovu. Mkunga anayepokea mtoto usiku penye taa anajua thamani yake kuliko mwanafalsafa yeyote. Ninachokuomba utazame ni swali linaloulizwa mvua inapoadimika. Mkulima wa juu anauliza lita ngapi, mtambo unauliza lita ngapi, mji unauliza lita ngapi, na kule mdomoni, ambako maji ya chumvi hupanda mtoni kila maji baridi yanapopungua, mnazi unaodhoofika hauna wa kuuliza kwa niaba yake.

Lugha yetu yenyewe inatusimulia habari hii, ila tumeizoea mno. Neno rasilimali tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kichwa cha mali, yaani mtaji wa mfanyabiashara. Leo tunasema msitu ni rasilimali, maji ni rasilimali, na tukitaka kuvitaja vyote pamoja tunasema maliasili, ambapo mali imetangulia na asili inafuata nyuma. Wazee wa mwambao walikuwa na neno jingine kwa vitu vya namna hiyo, nalo ni amana: kitu ulichokabidhiwa, chenye mwenyewe, ambacho siku moja utaulizwa umekirudisha katika hali gani. Mali na amana huweza kuwa shamba lile lile, lenye minazi ile ile, na bado mwenye mali na mwenye amana hawalimi namna moja.

Tena hatukuishia kwenye msitu na maji. Nenda katika ofisi yoyote kubwa, utakuta mlango ulioandikwa Rasilimali Watu. Sisi wa Tanga tulipaswa kushtuka mapema kuliko wengine tulipoliona bango hilo, kwa sababu jambo hili lilitupata zamani. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana nayo mashamba yakaenea hadi kufika miaka ya mwanzo ya 1960, nchi yetu ilipokuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mashamba hayo yalitaka mikono mingi, na mikono ikaletwa kutoka mbali, wanaume walioacha wake na makaburi ya wazee wao, na walipofika wakaitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba. Sikiliza neno hilo vizuri. Mtu ana jina la babu yake, ana utani na ukoo fulani, ana wimbo anaoujua yeye na ndugu zake, lakini shambani yote hayo yakawekwa kando ikabaki namba.

Nimewahi kusimama ndani ya korona, kiwanda cha kusaga mkonge, mchana kutwa. Majani yanaingia upande mmoja yakiwa yamelazwa kwa safu, yanapondwa kwa kishindo ambacho hukuacha masikio yakivuma hadi usiku, na upande wa pili zinatoka nyuzi ndefu, mbichi, zenye kijani kidogo, ambazo zikianikwa juani hugeuka nyeupe kama mvi. Maji ya kijani yanatiririka mfereji mzima na harufu yake kali haikutoki puani. Nyuzi hazizidi asilimia 5 ya uzito wa jani. Sehemu yote iliyobaki iliitwa taka, na kwa miaka mingi ilimwagwa, mara nyingi hadi mitoni. Kumbe taka hiyo huweza kuoza ikatoa gesi, na gesi ikaendesha umeme, kama ilivyoanza kufanyika Hale miaka ya 2000 ilipokuwa ikielekea ukingoni. Jambo hilo linanipa moyo, kwa sababu hapo uhandisi ule ule wa kisasa uligeuka nyuma ukalitazama jani zima.

Hapa itanibidi nikuonye, mwanangu, dhidi ya kosa ambalo wenye kuusifu wakati uliopita hulifanya. Mababu zetu hawakuwa malaika. Boriti za mikoko zilikatwa kwenye pwani hii na kusafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kwa karne nyingi, tena kwa tanga na upepo wa kusi. Misafara ya pembe za ndovu ilitembea kwa miguu. Na baruti, ambayo imeivunja miamba ya Tanga kwa miongo mingi, haihitaji kompyuta wala setilaiti: chupa, utambi na mkono wa mtu aliyekata tamaa vinatosha. Mlipuko mmoja hupasua vibofu vya hewa vya samaki, wengi wao huzama bila hata kuokotwa, na matumbawe yaliyojengwa kwa mamia ya miaka huwa kifusi kwa nukta moja. Ni faraja kwamba miaka ya karibuni milipuko hiyo imepungua sana. Kwa hiyo mpaka ninaoutafuta haupiti kati ya zamani na sasa, wala kati ya tanga na mashine.

Nadhani mpaka unapita kwenye kungoja. Baba yako hangoji upepo kwa sababu hana haraka, maana ana watoto wa kulisha kama mtu mwingine. Anangoja kwa sababu chombo chake kimempa upepo haki ya kusema leo hapana. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, linasema hapana, kusi linasema hapana, na kila hapana inamfundisha jambo: kwamba kilichoko mbele yake kina mambo yake chenyewe, kina saa zake, wala hakikuumbwa kuwa akiba yake. Hicho ndicho nadhani alichokiita kuuliza. Utaniambia kwamba hata kifaa chako huuliza, kwani hupeleka sauti majini, kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa nukta, kikangoja mwangwi urudi. Ni kweli, na ni jambo la kustaajabisha. Lakini kinajua swali moja tu, "uko wapi?", na aliyeulizwa hana namna ya kutojibu.

Nikupe kiumbe mmoja wa maji yenu wenyewe. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka miaka milioni 66 iliyopita, hadi alipoonekana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 wakaanza kunaswa pwani ya Tanzania, na wengi wao katika maji ya Tanga, kwenye majarife, nyavu za papa, yaliyotegwa kina kirefu. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Utafiti wa magamba yake uliochapishwa mwaka 2021 unakadiria kwamba huishi karibu miaka 100, na kwamba mimba yake hukaa miaka 5 hivi. Fikiri juu ya mama huyo aliyejificha gizani chini ya miamba, akibeba watoto wake miaka mitano, na juu yake ukipita wavu ambao hesabu yake ni ya usiku mmoja. Hakuna aliyemkusudia. Wavuvi walitaka papa na samaki wengine, na wakashuka kina kwa kuwa karibu na pwani samaki walikuwa wamekwisha. Mara nyingi tunaiumiza ardhi kwa kuikosa saa yake, bila chuki yoyote moyoni.

Hata uhifadhi wetu huweza kulikosa jambo hili. Siku hizi mikoko inalindwa kwa sababu hufyonza kaboni, na tani za kaboni zina soko. Afadhali hivyo kuliko shoka, bila shaka. Lakini bibi wa Tongoni anayeijua mikoko atakwambia huu ni mkandaa, huu ni mchu, huu ni mlilana, ule pale ni msindi, na kila mmoja una matope yake unayoyapenda na kazi yake; katika daftari la kaboni yote hiyo ni tani. Siku bei ya tani ikishuka, sijui nani atamkumbuka mkandaa, isipokuwa yule anayelijua jina lake.

Sasa nije kwako na kwa mzee. Baba yako ana haki katika alichokisema. Akiwa amemaanisha kwamba wewe ni mtu wa kuchukua tu, hapo amekuonea, na barua yako ni ushahidi, kwa kuwa mtu wa kuchukua hakeshi na maneno ya baba yake. Sikushauri uuze kifaa chako. Una nyumba ya kulisha, na bahari haipumziki kwa sababu mvuvi mmoja amelala njaa. Lakini kwa kuwa chombo chako kimeinyang'anya bahari ile hapana yake, itakubidi uirudishe wewe kwa mkono wako. Ramani ile ya simu inayokumbuka kila mwamba wenye samaki inaweza kukumbuka pia miamba ambayo umeamua kutoifikia msimu huu. Itie alama ya rangi nyingine, na siku utakayokosa kwingine ndipo utakapojua kama alama hiyo ina uzito. Tena mara moja kwa mwezi, maji ya bamvua yakiruhusu, acha simu nyumbani, panda ngalawa ya mzee, ukae karibu na marengu, zile mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke, na umuulize majina: ya pepo, ya miamba, ya rangi za maji. Usiyaandike kwanza. Yasikilize kama yanavyotoka, kwa mpangilio wake yeye.

Na umwombe naye, siku moja ya shwari, apande boti yako na akuonyeshe kwenye kile kioo ni nini anachoona kimekosekana. Ningependa sana kusikia atasema nini.

Swali

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama mtu mzima wa pwani ya Pangani, na tangu usichana nachokoa pweza. Kijiji chetu kilikubaliana kufunga mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Tulingoja. Siku ya kufungua walikuja vijana na boti, miwani ya kuzamia na mishale, na kwa siku tatu mwamba ukawa mtupu, sisi wa miguu tukapata mabaki. Sasa kungoja kwetu kulikuwa na faida gani?

Msomaji, Pangani

Jibu

Shikamoo, mama. Umenigusa mahali ambapo hoja yangu yenyewe ni dhaifu, na nakushukuru. Nimemwambia kijana wa Sahare maneno mengi juu ya kungoja, na wewe unanionyesha kuwa hata kungoja huweza kugeuzwa ghala: mwamba unafungwa kama mlango wa stoo, unahesabiwa siku, kisha unafunguliwa na kukombwa. Pweza huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, hukua haraka mno, na jike hufa akishaangua mayai yake, kwa hiyo miezi mitatu inatosha kuongeza kilo, na kufunga miamba kwa namna hii kumeleta mavuno mazuri katika vijiji kadhaa vya Tanga, Mafia na Pemba. Kilo, hata hivyo, hazisemi ni nani mwenye haki ya kuingia kwanza.

Katika mkutano ujao wa kijiji, kabla ya kujadili tarehe ya kufunga, simameni nyinyi kina mama mtake tarehe mbili za kufungua. Bamvua la kwanza liwe la miguu na kijiti peke yake, kwa kuwa mwenye kijiti hufika pale tu maji yanapomruhusu na huondoka maji yanaporudi, na mashimo ya kina kirefu, ambako majike huatamia, hubaki na wenyewe. Boti na miwani zije bamvua linalofuata. Watakaopinga watasema mnachelewesha mapato. Waambieni waje wahesabu mashimo pamoja nanyi siku hiyo ya kwanza, maji yakiwa yametoka, na wewe mwenyewe uwaonyeshe lipi lina mwenyewe na lipi limehamwa.